Mwache ale kwanza

Chini ya mwembe mmoja karibu na stesheni ya reli hapa Tabora kuna ubao wa drafti ambao sidhani kama una siku ya mapumziko. Umechorwa kwa kalamu kwenye kipande cha plaiwudi, na kete zake ni vifuniko vya soda: vya upande mmoja vimelala kifudifudi, vya upande mwingine chali. Nilifika pale saa nne asubuhi. Mechi niliyoijia ilikuwa ya saa kumi jioni, na mwandishi wa michezo mwenye saa sita za kupoteza kwenye mji wa watu lazima atafute kivuli.

"Mwangaluka," nikasalimia.

"Mwangaluka, karibu mwanangu," mzee mmoja akajibu bila kunyanyua macho kwenye ubao.

Mpinzani wake alikuwa kijana wa bodaboda. Alikuwa anaongoza kwa kete mbili na alijua kwamba anaongoza, maana alikuwa anaongea sana. Mzee akasukuma kifuniko kimoja, akakiweka mdomoni mwa adui. "Kula." Kijana akala. Mzee akasukuma kingine. "Kula tena, baba." Akala. Kisha mzee akainua kete ya nyuma ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia, akaruka moja, mbili, tatu, akatua mstari wa mwisho. Kingi! Watazamaji wakalipuka kama vile straika wao kafunga dakika ya 90.

"Lakini mzee, umenilazimisha," kijana akalalamika.

"Sheria ndiyo iliyokulazimisha. Drafti kula ni lazima. Ungekuwa na hiari ya kukataa, hapo ndipo ningejua kama una akili."

Mzee alisema hivyo kwa utani, lakini mimi nilibaki nayo kichwani hadi jioni. Upo mchezo ambao hiari hiyo unayo: sataranji, ambayo vijana wengi wanaiita chesi. Kule hakuna anayekulazimisha kula. Mpinzani anakuwekea kete mdomoni, unaweza kuila, unaweza kuipita kama humwoni. Pamoja na uhuru wote huo, kwa zaidi ya miaka 150 watu wamekuwa wakila, wakishiba, na wakipigwa kabla hata mechi haijachangamka.

Naandika neno kafara na tayari najua wapo wasomaji waliokwishamfikiria kuku mweupe aliyezikwa golini. Hapana, bana. Kafara ya chesi haina mganga. Ni biashara ya wazi kabisa, mezani, mpinzani anaiona. Unampa mali, yeye anakupa muda.

Tuchukue mfano mmoja, ule ninaoupenda kuliko yote, unaoitwa Gambiti ya Denmark. Jina hilo limetokana na Mdenmark Martin Severin From, aliyeucheza ufunguzi huu miaka ya 1860. Kama hujawahi kugusa chesi usiogope, nitakwenda polepole. Kila upande una kete 16. Nane kati ya hizo ni vitunda, wale askari wadogo wa mstari wa mbele ambao wanatembea hatua moja moja na hawarudi nyuma. Nyuma yao ndipo walipo wenye kazi: mfalme, malkia, maaskofu wawili wanaokata ubao kwa mshazari, farasi wawili wanaoruka, na ngome mbili za pembeni. Mwanzo wa mchezo hao wakubwa wote wamefungiwa nyuma ya vitunda vyao. Ni kama timu ambayo washambuliaji wake bado wako vyumba vya kubadilishia nguo.

Mweupe anaanza kwa kusukuma kitunda cha mbele ya mfalme hatua mbili. Mweusi naye anafanya hivyo hivyo. Mweupe anasukuma cha mbele ya malkia, hatua mbili, kinakaa mdomoni. Mweusi anakila. Mweupe anasukuma cha tatu, nacho mdomoni. Mweusi anakila. Sasa mtu wa kawaida angerudisha kisasi hapo, angekula naye. Mweupe wa Gambiti ya Denmark hafanyi hivyo. Anamtoa askofu mmoja, anamweka mahali pa kumkodolea macho mfalme. Mbele ya mweusi kuna kitunda kingine cha kula, na kikiliwa kitakuwa kinatishia ngome. Mweusi anakila. Ndipo mweupe anakiondoa kile kitunda kilafi kwa askofu wake wa pili.

Piga hesabu. Hatua tano tu zimechezwa. Kitunda kimoja cheusi kimekula vitatu vyeupe kabla hakijafa, kwa hiyo mweusi yuko mbele kwa vitunda viwili. Kwenye ligi yetu hiyo ni kama kuongoza mbili bila dakika ya 10. Lakini angalia uwanja. Mweupe ana maaskofu wawili waliosimama bega kwa bega, mmoja akiulenga upande wa kushoto wa nyumba ya mfalme na mwingine upande wa kulia, na njia zote za katikati ziko wazi. Mweusi hana mtu. Hatua zake nne alizitumia kutembeza kitunda kimoja kinachokula, na hicho nacho kimeshakufa. Farasi wake wako zizini, maaskofu wamefungiwa, malkia amekaa. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, na ubao wa matokeo hauionyeshi.

Kinachofuata mara nyingi ni huzuni. Mtu akishakula vitatu anaona kwa nini asile cha nne. Nimeshaona, na mimi mwenyewe nimeshafanya: mweusi anamtoa malkia wake mbio hadi mbele, peke yake, kwenda kutishia kitunda kilichobaki kando ya mfalme mweupe. Mweupe anamtoa farasi, malkia anakila kile kitunda. Mweupe anasogeza ngome kumfukuza, malkia anakimbilia pembeni. Halafu ghafla askofu mweupe anajitupa mbele ya mfalme mweusi na kusema nile. Mfalme akimla tu, farasi anaruka: anampa mfalme shaka na wakati huo huo amemshika malkia. Mfalme lazima akimbie, malkia anabaki. Kwa vitunda vinne na askofu, mweupe kamnunua malkia, na mweusi bado hajamtoa farasi hata mmoja zizini.

Kwa nini nayaandika haya kutoka Tabora na si kutoka ukumbi wa chesi? Kwa sababu mechi kubwa kuliko zote za namna hii katika nchi yetu ilichezwa huku, Agosti 1871, magharibi mwa mji huu, na hakukuwa na ubao.

Tabora ya wakati ule, ambayo wageni waliijua pia kwa jina la Kaze, ndiyo ilikuwa makutano ya njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo unapanda Usagara, unavuka Ugogo, unafika Unyanyembe. Hapo njia inagawanyika: moja inakwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliingia hapa Novemba 1857. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga matembe yao, wakapanda miembe, wakakusanya pembe za ndovu. Wanyamwezi ndio waliokuwa injini ya biashara yote, wapagazi wenye sifa toka pwani hadi Kongo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kumbuka uzito huo, tutauhitaji.

Magharibi ya Tabora, kwenye nchi inayoitwa mpaka leo Urambo, alikuwepo mtemi aliyekuwa anainukia, Mirambo. Wengine mnaandika Milambo, na wazee wa soka mnaijua Milambo ya Tabora iliyowahi kusumbua ligi yetu. Jina lenyewe maana yake ni maiti, kwa hiyo unaweza kukisia jamaa hakuwa wa mchezo. Mirambo alitaka sauti kwenye biashara iliyokuwa inapita mlangoni kwake. Walipogombana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakatangaza vita. Wakati huo huo alikuwepo Tabora mwandishi wa habari wa Kimarekani, Henry Morton Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone. Njia yake ndiyo iliyofungwa, akaona ajiunge na jeshi la Waarabu. Simulizi ya vita hiyo inayojulikana zaidi ni ya kwake, mtu wa upande mmoja, kwa hiyo isome kama unavyosoma ripoti ya mechi iliyoandikwa na ofisa habari wa klabu.

Jeshi lilikuwa kubwa. Stanley anasema walizidi elfu mbili. Wakaanza vizuri, wakauteka mji wa Zimbizo bila taabu kubwa. Mbili bila, dakika ya 10. Kijana mmoja wa Kiarabu, Soud bin Sayd, akachukua watu kama 500 akasonga mbele hadi Wilyankuru, ambako Mirambo mwenyewe alikuwemo. Stanley hakwenda. Alikuwa Zimbizo kalala na homa, kama mwandishi anayefuatilia mechi kutoka hotelini.

Soud aliuvunja mji. Mirambo akatokea geti la upande wa pili na watu wake. Na mji ulikuwa umejaa mali: pembe za ndovu zipatazo mia, marobota ya nguo, na mamia ya watu waliogeuzwa mateka papo hapo. Washindi wakaanza kukusanya. Wakafunga mizigo. Wakageuza njia kurudi Zimbizo.

Sasa zikumbuke zile kilo 32. Mtu aliyebeba pembe begani hawezi kunyanyua bunduki. Aliyeshika kamba ya mateka hawezi kupanga mstari. Jeshi la watu 500 lililokuwa asubuhi linashambulia kwa kasi, mchana limekuwa msafara wa wapagazi, mrefu, mzito, kila mtu akilinda cha kwake. Mirambo hakukimbilia mbali. Alijificha na watu wake kwenye nyasi ndefu za pande mbili za njia ile ile. Msafara ulipoingia katikati, wakasimama. Soud akauawa pamoja na Waarabu wenzake. Kila kilichoporwa kikarudi kilikotoka.

Sidai kwamba Mirambo aliamka asubuhi amepanga kuuacha mji. Geti lako likivunjwa unaondoka, hapo hakuna falsafa. Lakini kuna watu wakipigwa bao la kwanza wanachanganyikiwa, na kuna watu wanaangalia mpinzani anavyoshangilia na kuhesabu ni wangapi wamepanda mbele. Mirambo alikuwa wa aina ya pili. Alielewa kwamba mali aliyoacha imeshakuwa mzigo wa mwingine, na kwamba ule muda wanaoutumia kufunga marobota ni wa kwake.

Habari zilipofika Zimbizo, jeshi lililobaki likavunjika kwa hofu, kila mtu mbio, hata Stanley akalalamika kwamba nusura aachwe kitandani. Na Mirambo hakuishia kwenye kaunta moja. Tarehe 22 Agosti aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Kiarabu waliokuwa na moyo, akatoka kwenda kumkabili na kikundi kidogo, akazungukwa, akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley alikuwa amejichimbia Kwihara, nje kidogo ya mji, akitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe. Tembe lenye historia hiyo ni makumbusho siku hizi, na kama umekuja kwa mechi ukapata bodaboda mwenye subira, nenda. Baadaye Stanley aliamua kuzunguka mbali kusini ili kuikwepa nchi ya Mirambo, na ndivyo alivyofika Ujiji. Yaani ile salamu maarufu ya kumkuta Livingstone ilichelewa kwa sababu watu fulani walipenda sana pembe za ndovu.

Kwenye soka tunalijua jambo hili ingawa hatuliiti gambiti. Leicester City walipochukua ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 walikuwa miongoni mwa timu zilizokaa na mpira kidogo kabisa kwenye ligi. Mpira walikuachia wewe. Ukapanda, ukapandisha na mabeki wa pembeni, ukajaa kwenye boksi lao kama msafara wenye marobota, halafu Vardy anakuwa ameshakimbia nyuma yako. Mpira mlionao ni mali, lakini ni mali inayobebwa, na mbebaji mikono yake imejaa. Toleo jingine la kafara ni lile la kipa kupanda kwenye kona dakika za lala salama. Mei 2021 Alisson aliacha goli la Liverpool tupu, akaenda kupiga kichwa dhidi ya West Brom, wakashinda 2-1. Kila mtu uwanjani aliona goli tupu. Lakini zilikuwa zimebaki sekunde, na goli tupu lina bei ndogo mwamuzi akishaangalia saa.

Hapo ndipo wengi tunapokosea tunapozungumza vijiweni. Kupoteza si kafara. Agosti 2023 Kitayosce, timu iliyokuja kuitwa Tabora United, ilianza Ligi Kuu pale Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani kwa sababu ya matatizo ya usajili. Walikuwa wameshalala 4-0 idadi yao ilipopungua hadi chini ya saba, na mwamuzi akamaliza mchezo kipindi cha kwanza. Watu watatu pungufu, vitunda vitatu pungufu, namba ni ile ile. Tofauti ni kwamba hakuna walichopata badala yake. Hawakuwa na muda, hawakuwa na njia iliyo wazi, hawakuwa na askofu hata mmoja anayeangalia kwa mfalme. Na Novemba 2024, uwanja huo huo wa Chamazi, watoto hao hao wa Tabora wakaichapa Yanga 3-1, na kabla mwezi haujaisha Gamondi hakuwa tena kocha wa Wananchi. Sisemi walicheza Gambiti ya Denmark. Nasema tu kwamba siku hiyo waliingia wakiwa kamili.

Lakini isije ikaonekana kwamba anayetoa kafara hushinda siku zote. Wachezaji wakubwa wa leo hawaichezi sana Gambiti ya Denmark, na sababu ni bwana mmoja wa Austria, Carl Schlechter, mtu mpole ambaye mwaka 1910 alitoka sare 5-5 na bingwa wa dunia Lasker. Kuna kinga inayobeba jina lake, na ukiielewa hiyo umeelewa kila kitu.

Mweusi ameshakula vitatu vyake, maaskofu wawili weupe wamemkodolea macho. Badala ya kukumbatia alichopata, anasukuma kitunda cha mbele ya malkia wake hatua mbili na kukitoa bure. Askofu mweupe anakila. Mweusi anamtoa farasi, anamtishia askofu. Mweupe anaona mwanya: askofu anajitupa mbele ya mfalme, mfalme anamla, na malkia mweupe anamla malkia mweusi ambaye sasa hana mlinzi. Inaonekana kama kila kitu kimekwisha, kumbe mweusi alishaona. Askofu wake mweusi anatoka na shaka kwa mfalme, na kwa kutoka tu ameifungulia njia ngome inayomlenga malkia mweupe. Malkia hana budi kuziba shaka na kuliwa. Vumbi likitulia, malkia wote wawili wametoka, kila mmoja ana vitunda vitano, mchezo uko sawa, na mashambulizi yote ya mweupe yameyeyuka. Schlechter alikula, halafu akarudisha. Alilipa sehemu ya alichopata ili watu wake wapate kutoka nje.

Watu wa misafara walikuwa na neno lao la malipo ya namna hiyo: hongo. Leo ukilitamka unaitiwa TAKUKURU, lakini zamani hongo ilikuwa ushuru wa wazi. Msafara ukifika Ugogo, unatoa nguo na shanga kwa mtemi, unapata maji na njia. Wageni wa Ulaya walilalamika kwenye vitabu vyao kurasa kwa kurasa. Viongozi wazoefu wa misafara walibishana bei kidogo, wakatoa, wakaondoka, kwa sababu walijua kila siku ya kubishana ni siku ya kulisha mamia ya wapagazi kwenye nchi kavu. Soud bin Sayd naye angeweza kutoa hongo yake pale Wilyankuru. Ziache pembe. Zitupe tu kando ya njia, panga watu, rudi Zimbizo mikono mitupu, uwe hai. Hakuna sheria iliyomlazimisha kula, na hakuna iliyomzuia kurudisha.

Kuna kitu kimoja kwenye ulinganisho huu hakinipi raha. Vitunda vya chesi ni mbao. Mchezo ukiisha unavifagia, unavirudisha kwenye boksi, kesho vinasimama tena mstari wa mbele. Waliofungwa kamba Wilyankuru walikuwa watu wa mji, wanawake na watoto wengi, na kwa hesabu za pande zote mbili siku ile walikuwa mali: kwanza ya kuporwa, kisha ya kukomboa kwa risasi huku wao wakiwa katikati. Mirambo tunamsifu kwa akili, na mimi nimemsifu hapa juu, narudia. Ila nikisikia kocha anasema amewatoa kafara vijana wake kwenye mechi ngumu ili nyota wapumzike kwa ajili ya derby, huwa natamani kuwauliza hao vijana walionaje zile tano bila.

Saa tisa jioni nikarudi pale mwembeni kumsubiri mtu wa kwenda naye uwanjani. Mzee alishaondoka. Yule kijana wa bodaboda alikuwepo, amekaa juu ya pikipiki, anatafuna michembe. Nikamuuliza kama anaijua chesi. Akasema alicheza shuleni, kete zote anazijua. Nikafungua programu kwenye simu, nikachukua weupe. Kitunda cha mfalme, naye hivyo hivyo. Kitunda cha malkia, akakila. Nikasukuma cha tatu, nikakiweka mdomoni.

Akakiangalia. Akaniangalia mimi. Akachukua kipande kingine cha michembe.

"Huku kula si lazima, eti mkubwa?"

"Si lazima."

Akasukuma kitunda cha mbele ya malkia wake hatua mbili, kile changu akakiacha pale pale kama hakioni. Firimbi ya kwanza uwanjani ilipopigwa, mimi bado nilikuwa nimeinamia simu chini ya mwembe, natafuta cha kufanya.